Nachingwea hadi Mtwara kwa Ndege: Kilomita 154 Zina Maana Gani kwa Mkazi wa Marambo

Katika ramani ya nchi, viwanja vya ndege vya Nachingwea na Mtwara vimekaa karibu kabisa kwenye mstari mmoja wa latitudo. Cha Nachingwea kipo nyuzi 10 na dakika 21 kusini mwa ikweta, na cha Mtwara kipo nyuzi 10 na dakika 20. Rubani anayeondoka Nachingwea kwenda Mtwara hana haja ya kupinda popote. Huielekeza ndege mashariki, upande wa machweo akiuacha nyuma, na baada ya kilomita zipatazo 154 huwa amefika pwani.

Namba hiyo huwashangaza wengi, kwa kuwa kila aliyewahi kusafiri kwa basi kutoka Nachingwea hadi Mtwara anajua kwamba safari hiyo inapita kilomita 200 na humla msafiri nusu ya siku. Makala haya yanaeleza tofauti hiyo inatoka wapi, muda wa kuruka hukokotolewa vipi, na kwa nini muda huo mfupi unaotajwa katika mazungumzo ya vijiweni mara nyingi si muda ambao msafiri, na hasa mgonjwa, atautumia kweli. Jambo hili linamhusu pia mkazi wa Marambo au wa Ruangwa ambaye hajawahi kupanda ndege, kwa sababu kiwanja kilichopo Nachingwea ni mali inayoweza kumfaa siku asiyoitarajia.

Kwa nini barabara ni ndefu kuliko anga

Barabara haiwezi kufuata mstari wa rubani. Kutoka Nachingwea, gari hushuka hadi Nanganga, mwendo wa kilomita 46 hivi, na hapo huikuta barabara kuu itokayo Masasi. Kisha hufuata bonde la Mto Lukuledi kupitia Mtama hadi Mingoyo, ambako barabara ya kwenda Lindi na Dar es Salaam na ile ya kwenda Mtwara huachana. Mpaka kufika Mingoyo, msafiri amekwenda mashariki na pia amepanda kaskazini. Hivyo hulazimika kugeuka na kurudi kusini kupitia Mikindani ndipo aingie Mtwara. Yaani barabara imechora ndoano, na ndege imechora mstari. Ndege yenyewe huvuka juu ya bonde lile lile la Lukuledi na ukingo wa kaskazini wa uwanda wa juu wa Makonde, ambao ndio uliowafanya wajenzi wa barabara kupita pembeni tangu mwanzo.

Umbali wa angani unaweza kukokotolewa na mwanafunzi yeyote wa sekondari mwenye ramani na kalamu. Dunia imegawanywa kwa nyuzi, na kila uzi mmoja una dakika 60, ambazo si dakika za saa bali ni vipande vya uzi. Dakika moja ya latitudo ina urefu wa maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Ndiyo maana mabaharia na marubani wote huipenda maili hii kuliko kilomita, kwa kuwa wakishaisoma ramani wanakuwa wamekwisha kupima. Nachingwea ipo kwenye longitudo ya nyuzi 38 na dakika 47 mashariki, na Mtwara kwenye nyuzi 40 na dakika 11. Tofauti ni dakika 84. Kama viwanja hivi vingekuwa juu ya ikweta, umbali ungekuwa maili 84 za baharini. Lakini mistari ya longitudo husogeleana kadiri mtu anavyokwenda mbali na ikweta, na katika latitudo yetu hupungua kwa kiasi kidogo, chini ya asilimia mbili. Hivyo hubaki maili 83 za baharini hivi, ambazo ni karibu kilomita 154.

Kwa njia hiyo hiyo hupatikana umbali wa viwanja vingine vinavyotuzunguka. Kutoka Nachingwea hadi kiwanja cha Kikwetu mjini Lindi ni takribani kilomita 120 angani. Hadi Masasi ni kilomita 42 tu, na hapa barabara haitofautiani sana na anga, kwa kuwa nayo ni kilomita 45. Hadi Songea, upande wa magharibi, ni kilomita 350 hivi, ilhali anayekwenda kwa gari kupitia Masasi, Mangaka, Tunduru na Namtumbo hutembea takribani kilomita 500.

Ipo hesabu moja ambayo huenda ikamshangaza msomaji kuliko zote. Kutoka Nachingwea hadi kiwanja cha kimataifa cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, ni kilomita 388 kwa mstari wa angani. Kutoka Mtwara hadi kiwanja hicho hicho ni karibu kilomita 398. Hii ina maana kwamba mkazi wa Nachingwea anayesafiri zaidi ya kilomita 200 kwa gari kwenda Mtwara ili akapande ndege ya Dar es Salaam, ametumia saa kadhaa kufika mahali palipo mbali zaidi na Dar es Salaam kuliko pale alipoanzia. Hapotezi njia kwa kutojua. Anakwenda Mtwara kwa sababu ndiko ziliko ndege zenye ratiba.

Muda wa kuruka

Kosa la kawaida katika kukadiria muda wa ndege ni kuchukua umbali, kuugawa kwa kasi, na kuridhika na jibu. Hesabu hiyo inafaa kwa safari ndefu. Kwa safari fupi kama ya Nachingwea na Mtwara, inadanganya.

Ndege ndogo aina ya Cessna Caravan, ambayo ndiyo inayoonekana zaidi katika viwanja vya wilayani na vya hifadhini nchini, hubeba abiria wapatao 12 na huenda kwa kasi ya takribani kilomita 300 kwa saa ikiwa imekwisha kutulia angani. Kilomita 154 kwa kasi hiyo ni dakika 31. Lakini ndege haianzi ikiwa imetulia. Kwanza huwasha injini na kusubiri mitambo ipate joto, kisha hutembea ardhini hadi mwisho wa njia ya kurukia, hugeuka, hukimbia na kuinuka, na wakati wa kupanda kasi yake ya kusonga mbele huwa ndogo. Ikikaribia Mtwara hupunguza mwendo, husikiliza maelekezo ya waongoza ndege, hujipanga na njia, hutua, na hutembea tena hadi mahali pa kushushia abiria. Shughuli hizi zikichukua dakika kumi tu, safari ya dakika 31 imekuwa ya dakika 40 au zaidi.

Ndiyo maana ndege yenye kasi kubwa haiokoi muda mwingi katika masafa mafupi. Pilatus PC-12, ambayo mara nyingi hutumiwa kubeba wagonjwa, hufikia kasi ya karibu kilomita 500 kwa saa. Dash 8-400, ndege ya mapangaboi inayotumiwa na Air Tanzania kwa abiria 76, hufikia takribani kilomita 650 kwa saa. Kwa hesabu tupu, Pilatus ingemaliza safari yetu kwa dakika 19 na Dash 8 kwa dakika 14. Lakini zile dakika za kupanda, kushuka na kutembea ardhini hazikubali kupungua kwa kiwango hicho, na ndege hizi zikifika kwenye kasi yake kamili huwa zimekwisha kukaribia mahali pa kuanza kushuka. Dakika 25 hadi 30 ndiyo makadirio ya haki kwa zote mbili. Kasi iliyozidi mara mbili inaokoa robo saa.

Katika safari ya Songea mambo hubadilika. Kwa kilomita 350, Caravan huhitaji saa moja na dakika 20 hivi, na Pilatus huhitaji dakika 50 au zaidi kidogo. Umbali ukiongezeka, thamani ya kasi nayo huongezeka.

Upepo nao una sehemu yake, na wakazi wa kusini hawahitaji kufundishwa kuhusu kusi na kaskazi. Kusi, ambayo hutawala katikati ya mwaka, huvuma kutoka upande wa kusini-mashariki, hivyo humkabili kwa kiasi anayekwenda Mtwara na kumsukuma anayerudi. Kama ndege ya kasi ya kilomita 300 itakabiliwa na upepo wa kilomita 40 kwa saa moja kwa moja usoni, itasonga juu ya ardhi kwa kilomita 260 tu kwa saa, na dakika 31 zitakuwa karibu 36. Ikirudi na upepo huo mgongoni, itatumia dakika 27. Mtu anaweza kudhani kwamba hasara ya kwenda hulipwa yote na faida ya kurudi. Sivyo. Ukijumlisha, kwenda na kurudi kumechukua dakika 63 badala ya 62, kwa sababu ndege hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaoipinga kuliko ndani ya upepo unaoisaidia. Dakika moja si kitu kwa abiria, ila kwa rubani anayepima mafuta kwa safari ndefu, kanuni hiyo hiyo huamua kama atafika au atalazimika kushuka njiani.

Joto halirefushi safari bali hurefusha njia ya kurukia inayohitajika. Kiwanja cha Nachingwea kipo zaidi ya mita 400 juu ya usawa wa bahari, cha Songea kimepita mita 1,000, ilhali cha Mtwara kipo juu ya mita 100 tu. Hewa ya mahali pa juu, na hewa yenye joto la mchana wa Oktoba na Novemba, huwa nyepesi, na mabawa huhitaji mwendo zaidi ili kuinua uzito ule ule. Rubani akikataa kuongeza gunia moja saa nane mchana ilhali alilikubali asubuhi, hana ubaguzi. Anafuata jedwali la ndege yake.

Kuhusu tiketi, inafaa kukumbusha jambo dogo linalowagharimu watu safari nzima. Muda unaoandikwa kwenye tiketi hufuata saa 24 zinazoanza usiku wa manane, si saa za Kiswahili zinazoanza jua linapochomoza. Tiketi inayoonyesha 07:00 ni ya saa moja asubuhi, na inayoonyesha 13:00 ni ya saa saba mchana. Na muda wa safari unaotangazwa na mashirika huhesabiwa tangu ndege inapoondoka mahali pa kuegesha hadi inaposimama kiwanja cha pili, ndiyo maana huonekana mrefu kuliko ule wa hesabu ya kasi na umbali.

Ndege zilizokuwapo na zisizokuwapo

Si kwamba Nachingwea haikuwahi kuijua ndege. Kiwanja chake ni cha zama za mpango wa karanga, ule mradi mkubwa wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1947 katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea, na kuachwa mwaka 1951 baada ya karanga kugoma na fedha kuteketea. Mradi huo ndio ulioleta reli ya kusini na uliochochea ujenzi wa bandari ya Mtwara. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na leo wazee ndio wanaoweza kuonyesha tuta lake lilipita wapi. Kiwanja cha ndege kilibaki. Ndege za Dakota za East African Airways zilitua hapa katika miaka ile, wakati barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa haipitiki kwa miezi ya mvua.

Leo barabara kuu ya lami imefanya kile ambacho ndege ilikuwa ikikifanya, na kwa nauli ambayo mkulima anaimudu. Hii ndiyo sababu ya msingi ya kukosekana kwa ndege za ratiba, na haifai kuificha nyuma ya maneno. Shirika la ndege huhesabu gharama kwa saa ya kuruka: mafuta, rubani, matengenezo, bima. Gharama hiyo hailingani na idadi ya abiria waliopanda bali na muda injini ilionguruma. Caravan ikitoka Dar es Salaam kuja Nachingwea na kurudi itaruka karibu saa tatu. Viti 12 vikijaa wakati wa kwenda na wa kurudi, gharama ya saa tatu hugawanywa kwa watu 24. Ikija na abiria wanne na kurudi na watatu, hugawanywa kwa saba, na nauli hupanda zaidi ya mara tatu. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, wanunuzi, watendaji wa mabenki na wakulima waliouza mnadani wanaweza kuijaza ndege ndogo. Swali ni nani atakayeijaza mwezi Machi. Shughuli za madini ya kinywe wilayani Ruangwa zinaongeza idadi ya wasafiri wa aina hiyo, lakini kampuni nyingi hukodi ndege zao wenyewe siku wanazozihitaji, na kiti cha ndege ya kukodi hakiuzwi dirishani.

Kwa mkazi wa kawaida anayelinganisha njia mbili za kwenda Dar es Salaam, hesabu ni hii. Basi la moja kwa moja husafiri zaidi ya kilomita 550, yaani karibu siku nzima ya mchana. Njia ya Mtwara na ndege ina saa tatu na nusu hadi nne za barabarani, saa moja na nusu au zaidi ya kusubiri kiwanjani, saa moja na dakika chache za kuruka, na muda wa kutoka kiwanjani kuingia mjini. Jumla ni saa saba hivi, iwapo gari na ndege vitapokezana vizuri. Ndege ikiwa ya asubuhi, msafiri analazimika kulala Mtwara, na hapo basi limekwisha kumshinda. Anayetoka Marambo aongeze safari ya kufika Nachingwea mjini, na anayetoka Ruangwa aangalie kama kwenda moja kwa moja Nanganga, kilomita 53 hivi, kunamfaa zaidi kuliko kupitia Nachingwea.

Anayetaka kwenda Songea kwa ndege akilazimika kupitia Dar es Salaam, ataruka karibu kilomita 400 kutoka Mtwara kwenda kaskazini na karibu kilomita 580 nyingine kurudi kusini-magharibi. Mtwara na Songea zenyewe zimeachana kwa kilomita 500 angani. Kwake yeye basi la kupitia Tunduru si unyonge hata kidogo.

Mgonjwa na saa

Hapa ndipo hesabu za umbali zinapoacha kuwa za udadisi. Mara nyingi familia yenye mgonjwa mahututi huuliza kwa nini ndege isiitwe, ilhali Mtwara ni dakika 40 tu. Swali ni la haki na linastahili jibu kamili.

Dakika 40 ni za ndege iliyoko Nachingwea, injini ikiwa tayari, rubani ameketi. Ndege ya namna hiyo haipo. Ndege ya wagonjwa hutoka kwingine. Kwa mfano, ikitoka Dar es Salaam, ina kilomita 388 za kuja, ambazo kwa ndege ya kasi ya kilomita 500 kwa saa ni karibu saa moja. Kabla ya hapo daktari wa wilaya na daktari wa hospitali inayompokea mgonjwa wanapaswa kuzungumza, malipo au bima kuthibitishwa, wahudumu kuitwa, mafuta kujazwa na mpango wa safari kuwasilishwa. Ikichukuliwa kwamba yote haya yamekamilika kwa saa moja, jambo ambalo ni la kasi kubwa, na kwamba kumhamisha mgonjwa kutoka gari la wagonjwa hadi ndani ya ndege ni nusu saa, basi mgonjwa atatua Dar es Salaam saa tatu na nusu baada ya simu ya kwanza. Ndege ikitoka Nairobi, zilipo ndege za Flying Doctors wa AMREF, huduma iliyoanzishwa mwaka 1957, umbali ni zaidi ya kilomita 1,000 na kuja peke yake ni saa mbili na ushei.

Katika saa hizo hizo tatu na nusu, gari la wagonjwa lililoondoka Nachingwea mara moja linakuwa limekaribia Mtwara, ambako kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Na karibu zaidi ya hapo, kwenye barabara ya Masasi, ipo Hospitali ya Ndanda. Kwa hiyo ndege huwa jibu sahihi pale tu mgonjwa anapohitaji tiba isiyopatikana katika hospitali hizi, na hali yake imetulizwa kiasi cha kuweza kusubiri. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hana saa tatu na nusu za kusubiri mlio wa ndege.

Pia si kila mgonjwa anafaa kupandishwa ndege. Katika ndege ndogo isiyo na mfumo wa kushindilia hewa, mwinuko wa mita 3,000 hupunguza oksijeni anayoipata kila aliyemo. Mtu mzima mwenye afya huhisi uchovu kidogo. Mwenye nimonia kali au upungufu mkubwa wa damu anaweza kuzidiwa akiwa mahali ambapo hakuna pa kusimama. Daktari anayesema gari badala ya ndege mara nyingi anaifikiria hewa hiyo.

Kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, utaratibu uliopo nchini ni mfumo wa m-mama. Namba ya kupiga ni 115, bila malipo, na hupigwa na mhudumu wa kituo cha afya, ndugu au jirani. Waratibu hupanga gari la wagonjwa lililo karibu, na lisipokuwapo huita dereva wa jamii aliyesajiliwa. Kwa kaya zilizo mbali na barabara, hasa kati ya Desemba na Aprili, mvua zinapokata njia, muda unaoamua hatima ya mgonjwa ni ule wa kutoka nyumbani hadi zahanati. Hakuna ndege inayoufupisha. Unafupishwa na familia iliyokwisha kujua, kabla ya uchungu kuanza, ni nani mwenye pikipiki au gari, na ni njia ipi inayopitika mto ukijaa.

Kiwanja hakina maana kikizibwa

Pamoja na yote yaliyoelezwa, ipo siku ndege itahitajika kweli, kwa mgonjwa aliyetulizwa anayekwenda tiba ya mbali, kwa chanjo au dawa za dharura, au wakati mafuriko yamelikata daraja na ndoano yote ya barabara haina faida. Siku hiyo kila kitu kitategemea kama njia ya kurukia iko wazi.

Caravan hugusa ardhi ikiwa na kasi ya karibu kilomita 140 kwa saa na huhitaji mamia ya mita kusimama. Rubani akiona ng'ombe au mbuzi njiani akiwa anashuka, hana breki za kushika angani. Ana njia moja tu, kuongeza nguvu, kupanda tena na kuzunguka. Mzunguko mmoja ni dakika tano hadi kumi za mafuta, na giza likikaribia huenda hakuna mzunguko wa pili, kwa kuwa kiwanja kisicho na taa hutumika mchana tu na kusini hapa usiku huingia haraka baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Kwa sababu hiyo simu ya kuomba ndege inayopigwa saa tisa alasiri mara nyingi huwa ni simu ya ndege ya kesho asubuhi.

Moshi ni adui mwingine ambaye wengi hawamfikirii. Miezi ya kuandaa mashamba, moto unaowashwa karibu na kiwanja huweza kulificha jicho la rubani anayeitafuta njia, hasa asubuhi kabla upepo haujaamka. Takataka zinazotupwa kandokando huvuta kunguru na mwewe, na ndege mmoja wa manyoya akiingia kwenye injini au kupasua kioo ameiharibu safari. Mfuko wa kitambaa unaoning'inia juu ya mlingoti kando ya njia humwonyesha rubani upepo unakotoka na nguvu yake, na ukichukuliwa na mtu kwa matumizi ya nyumbani, rubani anatua kwa kubahatisha. Ndege zisizo na rubani, zile ndogo za kupigia picha za harusi na mikutano, haziruhusiwi kurushwa bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na karibu na kiwanja hatari yake ni kubwa zaidi.

Viwanja vya serikali husimamiwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania, lakini hakuna mlinzi anayeweza kuona pande zote kwa wakati mmoja kama wanavyoona majirani. Anayeona mifugo ikichungwa ndani ya eneo, njia mpya ya pikipiki ikikata katikati, mtu akichimba mchanga au kujenga mahali ambapo ndege hupita chini wakati wa kutua, atoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji au wa kata mapema. Na ndege ikisikika ikizunguka juu, watoto wote, baiskeli na mifugo waondolewe kwenye njia mara moja, maana tangu mlio usikike mpaka magurudumu yaguse ardhi huwa ni dakika chache tu.